Chujio la figo ni zima ila protini zinatoka: nani hajaziokota?

SWALI: "Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 46, natumia ARV mwaka wa nane sasa, vidonge vya TLD, virusi havionekani nashukuru Mungu. Tangu mwaka jana naumwa nyonga, mapaja na nyayo, nikipanda ngazi ni kama miguu sio yangu. Nanunua diclofenac duka la dawa nameza, inapoa, inarudi. Mwezi uliopita nikapimwa mkojo wakakuta protini + na sukari ++, nikaambiwa nina kisukari, lakini kidoleni asubuhi kabla ya kula ikasoma 5.1. Kreatinini 92 wakasema iko sawa. Wakapima tena mkojo, protini kwa kreatinini ikaja 820 mg/g, albumini kwa kreatinini ikaja 95 mg/g. Daktari mmoja kijana akasema chujio lako zima, tatizo liko kwenye mirija, akaandika rufaa, mi nikaogopa kuuliza. Jirani anasema figo imetoboka, niache mayai na maharage, ninywe maji lita tano na dawa ya mizizi ya kusafisha figo. Naomba unieleweshe, protini zinatokaje kama chujio ni zima? Niache ARV? Ndo naelekea dialisisi?"

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana na hiyo miguu. Swali lako nimelisoma mara mbili kwa sababu umeandika namba zako zote, wengi wananiandikia tu "daktari figo zinaniuma" halafu kimya, sasa hapo utamjibu nini mtu. Wewe umenipa pa kushika.

Nikutoe hofu kwanza ndo tuingie ndani. Dialisisi huelekei, sio kwa kreatinini (taka ya misuli inayotolewa na figo) ya 92. ARV usiziache hata siku moja mpaka ukae na watu wa CTC yako, yaani kliniki unakochukulia ARV, sababu ntakupa huko mbele. Ila hiyo diclofenac iache leo, sio ukimaliza zilizobaki kwenye pakiti, leo. Na huyo daktari kijana, kwa namba zako zilivyokaa, ameona kitu ambacho sisi wenye mvi tunakipita mara nyingi tu, kosa lake ni hilo moja la kuandika rufaa bila kukukalisha chini akakueleza. Basi ngoja nimmalizie kazi.

Watu wakisikia protini kwenye mkojo wanawaza kitu kimoja, chujio limetoboka. Na mara nyingi kweli ni chujio, mwenye kisukari cha miaka mingi, mwenye presha isiyoshuka, mtoto aliyevimba uso asubuhi, hao wengi wao shida yao iko pale. Picha tuliyonayo kichwani ni ya tui la nazi, unakamua kwenye kifumbu, tui linashuka machicha yanabaki, ukiona machicha kwenye sufuria basi kifumbu kimechanika. Sasa figo haiko hivyo kabisa. Kifumbu cha figo hata kikiwa kipya kinapitisha machicha kila siku, kwangu, kwako, kwa mtoto wa chekechea. Ila chini ya kifumbu kuna mtu kakaa anaokota. Akiokota vizuri huwezi kujua kama kuna kitu kilipita.

Hebu tuone hesabu yake. Damu inayopita kwenye figo zako kwa siku inapitisha mbele ya chujio albumini, ile protini kuu ya kwenye damu, zaidi ya kilo 30 (ni ileile inazunguka inarudi, usije ukafikiri umebeba kilo 30 za albumini mwilini). Kinachochujwa ni kama lita 180 za maji kwa siku, na humo albumini inayoponyoka ni gramu chache, wanasayansi wamebishana miaka na miaka ni gramu ngapi hasa. Lakini kwenye mkojo wa mtu mwenye afya albumini inayoonekana haifiki hata miligramu 30 kwa siku. Zimeingia gramu zimetoka miligramu, nyingine zimeenda wapi? Zimeokotwa njiani.

Na hiyo ni albumini ambayo ni kubwa, chujio linaizuia kwelikweli. Ziko protini ndogo ambazo chujio halina habari nazo, zinapita kama maji tu: beta-2 mikroglobulini, protini inayobeba vitamini A, insulini, vipande vyepesi vya kingamwili, kuna na ile inayobeba vitamini D ambayo ni kubwa kidogo lakini nayo inaponyoka. Hizi kama sio za kuokotwa tungekuwa tunazikojoa zote kila siku.

Anayeokota ni seli za mrija, zile za kipande cha kwanza kabisa ambapo chujio linaishia na mrija unaanza. Ukiziangalia kwenye hadubini upande unaopita maji zimeota vinyweleo vingi vifupi vimebanana kama brashi ya kufulia, na chini kwenye mashina ya hivyo vinyweleo ndo kuna vipokezi viwili ambavyo ningependa uvijue kwa majina maana ndo kiini cha swali lako, megalini na kubilini.

Megalini ni dude. Uzito wake ni karibu mara tisa ya albumini, ndo maana 1994 wale waliosoma mpangilio wake wote wakaipa jina hilo kwa ukubwa wake, ingawa ilishagunduliwa kwenye figo za panya tangu 1982 na Kerjaschki na Farquhar waliokuwa wanatafuta kitu kingine, walikuwa wanatafuta kile ambacho kingamwili za panya zinashambulia kwenye ugonjwa fulani wa figo. Imepenya utando wa seli, kichwa kikubwa kiko nje kwenye maji na mkia uko ndani ya seli. Kubilini yenyewe ndo kituko, haina mkia wa kuingia ndani, haijashika utando wa seli kwa lolote, inashikiliwa na protini nyingine ndogo inayoitwa amnionlesi na ikifika kuingia ndani inakwenda pamoja na megalini. Yaani imedandia. Lakini huyohuyo mdandiaji ndo anayeshika albumini kwa nguvu kuliko wote.

Sasa angalia seli moja inavyofanya kazi. Albumini inashuka na maji, inagusa kubilini, inanata. Utando pale chini ya vinyweleo unaanza kubonyea kuelekea ndani kama unga unapoubonyeza kwa kidole, kwa ndani kuna protini inaitwa klathrini inajipanga kama kitenga kushikilia lile bonyeo, bonyeo linakuwa kifuko, kifuko kinafungwa mdomo kinakatika kinaingia ndani kikiwa na mzigo pamoja na vipokezi vyake. Hapo kuna kazi moja ambayo watu hawaifikirii, kifuko lazima kitiwe tindikali. Kuna pampu kwenye ukuta wa kifuko inasukuma haidrojeni ndani mpaka kunakuwa na ukali kidogo, na ule ukali ndo unafanya kipokezi kiachie mzigo. Bila tindikali kipokezi kinabaki kimeng'ang'ania. Mzigo ukishaachiwa unapelekwa kwenye laisosomu, hilo ndo jiko la seli, protini inasagwasagwa inakuwa amino asidi zinarudishwa kwenye damu zitengenezwe kitu kingine, na megalini na kubilini zinarudi juu mikono mitupu kuchukua mzigo mwingine. Ni daladala, inashusha stendi inageuza. Safari za aina hii ni nyingi mno na hakuna kulala.

Kuna abiria mmoja ambaye hasagwi. Vitamini D inayotoka kwenye ini inasafiri ikiwa imebebwa na protini yake, wakifika kwenye mrija megalini inawachukua wote wawili, mbebaji anasagwa lakini vitamini D inabaki na ni ndani ya seli hizohizo za mrija ndo inageuzwa kuwa ile yenye nguvu inayoshughulika na mifupa. 1999 watafiti walionyesha kwamba panya waliotengenezwa bila megalini wanakojoa vitamini D yao na mifupa yao inaharibika. Kumbuka hapo kwenye mifupa, tutarudi.

Unaona sasa inavyowezekana chujio liwe zima na protini zitoke. Mwokotaji amechoka, basi. Na mwokotaji huyu ana udhaifu mmoja mkubwa, anakula nishati kupita kiasi. Kukata vifuko, kuendesha pampu ya tindikali, kurudisha vipokezi juu, na bado seli hiyohiyo ndo inayorudisha sukari yote, fosfeti, amino asidi, bikaboneti na sehemu kubwa ya chumvi na maji. Ndo maana imejaa mitokondria, vile vinu vya nishati vya seli, toka chini mpaka juu. Kitu chochote kinachogusa mitokondria za seli hii kinaangusha kazi zote kwa pamoja, hakiziangushi moja moja.

Na hapo ndo tunafika kwenye namba zako.

Sukari kwanza. Mwenye kisukari anakojoa sukari kwa sababu damu imejaa sukari mpaka mrija umeshindwa kuirudisha yote, na hiyo inaanza sukari ya damu ikipita kama 10 hivi. Wewe damu 5.1, hakuna cha kufurika hapo. Sukari kwenye mkojo wakati damu haina sukari nyingi maana yake mrija hauirudishi, nukta. (Kama ungekuwa unatumia zile dawa mpya za kisukari na figo kama dapagliflozin ningesema ni dawa, kazi yake ndo hiyo, ila hujazitaja.) Kwa hiyo aliyekwambia una kisukari kwa kuangalia kijiti cha mkojo tu alikosea, ila arudie kupima damu siku nyingine ukiwa hujala kuthibitisha.

Halafu protini. Kile kijiti chenye vikaratasi, kile cha protini ni kipande cha njano kimelowekwa rangi. Albumini ikigusa ile rangi inainyang'anya haidrojeni na rangi inageuka kijani, ikiwa nyingi inaelekea bluu. Maabara wanalinganisha na picha pembeni ya chupa wanaandika + au ++. Sasa ile rangi inaipenda albumini, protini ndogo inaziona kwa shida sana. Ndo maana kwako kilisoma + moja tu ya kinyonge, halafu kipimo kinachohesabu protini zote kikaja na 820 wakati kawaida ni chini ya 150 mpaka 200, na albumini humo ni 95 tu. Gawanya mwenyewe, albumini ni kama asilimia 12 ya protini zako zote. Mtu ambaye chujio limetoboka albumini ndo inakuwa sehemu kubwa, inavuka nusu. Wako umejaa vitu vingine, zile ndogondogo zilizotakiwa kuokotwa. Na hiyo 95 ya albumini nayo imezidi kiasi (kawaida ni chini ya 30) lakini inaelezeka, hata albumini ni ya kuokotwa vilevile.

Mtu angepimwa kwa kijiti peke yake angeambiwa una + moja, kunywa maji mengi nenda nyumbani. Nimewaona wa namna hiyo.

Sasa nani kamchosha mwokotaji? Kwa maelezo yako wa kwanza kuulizwa ni tenofovir, ile T ya kwanza kwenye TLD yako (L ni lamivudine, D ni dolutegravir). Usishtuke. Ni dawa nzuri, imeokoa watu wengi na wengi wanaimeza miaka na miaka hawapati lolote. Lakini inatolewa mwilini kupitia figo, na inaingia kwenye seli hizi za mrija kwa mlango wa nyuma, upande wa damu, kupitia visafirishi ambavyo kazi yake ni kuchukua uchafu kwenye damu na kuumwaga kwenye mkojo. Ikiingia kwa kasi kuliko inavyotoka inajaa ndani ya seli na inasumbua mitokondria. Kwa wachache seli inachoka kwa namna niliyokueleza, sukari inatoka, fosfeti inatoka, protini ndogo zinatoka. Kitaalamu wanaita ugonjwa wa Fanconi, ukisikia hilo jina kwenye rufaa usidhani ni kitu kipya.

Kwa kulinganisha tu, gentamicin, ile sindano ambayo karibu kila mtu kaishaichoma au mtoto wake kachomwa, yenyewe inaharibu seli hizohizo lakini inapita mlango wa mbele, megalini inaiokota kama vile ni protini, inaiingiza ndani, inarundikana laisosomu. Kipokezi hakijui kuchagua, kinachonata kinabebwa. Ndo maana wodini tunahesabu siku za gentamicin na tunapima kreatinini.

Mifupa yako sasa, maana naona umeitaja kama vile ni habari nyingine. Nyonga, mapaja, nyayo, kushindwa ngazi. Seli zikishindwa kurudisha fosfeti inakojolewa, na mfupa bila fosfeti ni kama ukuta wa tofali bila saruji, unalainika, unapata nyufa ndogondogo, misuli ya mapaja inalegea. Ongezea vitamini D isiyogeuzwa vizuri. Kuna mfano wa hili unafundishwa dunia nzima, Japani kwenye mkoa wa Toyama, mto Jinzu ulikuwa unabeba kadimiamu, metali yenye sumu, kutoka mgodini, watu wakamwagilia mpunga wakala wali, na miaka ikaenda ikawa akina mama hasa wa umri mkubwa wanavunjika mifupa hata kwa kukohoa. Ugonjwa wakauita itai-itai, kwa kijapani ni "inauma inauma", na 1968 serikali yao ikakubali rasmi kwamba ni kadimiamu. Watu walikuwa wanalia mifupa lakini palipoharibika kwanza ni mirija ya figo, na kadimiamu inaingia mle ikiwa imebebwa na protini ndogo ambayo megalini inaiokota. Sikwambii una kadimiamu, nakwambia mtu anaweza kuhangaika na nyonga miaka miwili, mara baridi yabisi mara uzee, kumbe tatizo linakaa kiunoni kwa nyuma.

Ndo maana nimekukataza diclofenac kabla hata sijasema lingine. Unaumwa mfupa kwa sababu mrija unachoka, unameza diclofenac kutuliza mfupa, diclofenac inapunguza damu inayoenda kwenye figo na ukiichanganya na tenofovir imeshaonekana kwamba watu figo zinashuka ghafla, wengine ndani ya siku chache tu. Na ibuprofen ni ndugu yake, na meloxicam, na piroxicam, usibadilishe jina ukadhani umeacha. Kwa maumivu tumia panadol, paracetamol hiyo ya kawaida, kwa kipimo chake.

Kreatinini ya 92 nayo niseme kitu, maana ikiwa sawa watu wanafunga faili. Kreatinini inapima chujio linavyochuja, haimpimi mwokotaji. Mrija unaweza kuwa hoi na kreatinini ikawa nzuri kwa muda mrefu. Na kinyume chake, ile D kwenye TLD yako, dolutegravir, inapandisha kreatinini kidogo bila kuumiza figo, inazuia tu njia moja ya kuitoa, kwa hiyo ukija ukaona imepanda kidogo usikimbilie kulia.

Sasa majirani. Mayai na maharage hayana kosa, protini unayokula inasagwa tumboni inakuwa amino asidi, haiendi kwenye mkojo ikiwa yai. Kupunguza protini kwenye chakula ni suala la mtu ambaye figo zimeshashuka sana na hata huyo anapangiwa na mtaalamu wa lishe, wewe mwenye mifupa dhaifu na misuli iliyolegea ukiacha mayai na maharage unajimaliza. Maji lita tano hayasafishi mrija, kunywa ukiwa na kiu, kwenye joto la pwani ongeza, basi. Na mizizi hapana, hapa sina upole. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Brussels kule Ubelgiji kuna akina mama walipewa mchanganyiko wa mitishamba wa kupunguza unene, ukawa na mmea wa jamii ya aristolokia ndani, baadhi yao wakaumia figo, wengi wa hao zikafa kabisa, na palipoanza kufa ni haohao waokotaji wa mrija. Ulikuwa ni mmea, wa asili, wa kupungua kilo. Hiyo ya jirani yako mimi siijui ina nini, yeye pia hajui, na mrija wako ndo utakaoijaribu.

Turudi kwenye la kufanya. Rufaa uliyopewa nenda nayo, na usisubiri miezi. Omba wakupime damu fosfeti, potasiamu, bikaboneti na asidi ya yuriki, na alkaline phosphatase ambayo inaonyesha mifupa, na sukari ya damu na ya mkojo zipimwe kwa wakati mmoja ukiwa hujala. Maabara nyingi za wilaya fosfeti hawana, itabidi hospitali ya rufaa ya mkoa au kubwa zaidi. Wapime pia homa ya ini B kama hujawahi kupimwa au hujui majibu yako. Na kwa umri wako mimi ningeomba na kipimo cha vipande vyepesi vya kingamwili, maana kuna saratani ya uboho inayomwaga protini ndogo mpaka mrija unazidiwa na kijiti kinakosa kuona vilevile, sidhani ndo hiyo lakini mtu mwenye maumivu ya mifupa na mkojo wa namna hii haachwi bila kuangaliwa.

Kuhusu ARV, ikithibitika ni tenofovir zipo njia. Kuna tenofovir ya aina nyingine, TAF, inayoingia kwenye seli za virusi vizuri zaidi kwa dozi ndogo kwa hiyo inayozunguka kwenye damu na kufika kwenye mrija ni kidogo sana, ni nzuri ila haipo kila kituo. Kuna kubadilisha na kuweka abacavir. Wengine wanabaki na dolutegravir na lamivudine peke yake. Kila moja ina masharti yake, na sharti kubwa ndo hiyo homa ya ini B, tenofovir inakandamiza na virusi vya ini, mtu mwenye navyo akiitoa kienyeji ini linaweza kulipuka vibaya kuliko hata figo. Hiyo ndo sababu niliyokuahidi. Na sababu ya pili unaijua, virusi vyako havionekani kwa sababu unameza kila siku, ukiacha wiki chache unafungua mlango wa usugu kwa tatizo ambalo lingetatuliwa kwa kubadilisha kidonge kimoja.

Matarajio nikuambie ukweli. Wengi wakibadilishiwa dawa mapema sukari kwenye mkojo inapotea na fosfeti inapanda ndani ya wiki hadi miezi, mifupa inachukua muda mrefu zaidi, pengine utapewa fosfeti na vitamini D za kumeza kwa muda. Wapo wasiorudi asilimia mia, hasa waliochelewa sana. Ndo maana nakuharakisha. Na inawezekana pia daktari wako akipima akakuta ni kidogo na akaamua kubaki na TLD akikufuatilia kila miezi mitatu, nalo sio kosa, ila kwa mtu ambaye tayari mifupa inauma mimi binafsi nisingesubiri.

Kuna mambo usiyasubirie kliniki. Miguu ikiishiwa nguvu kabisa mpaka kunyanyuka kitini ni kazi, au moyo unadunda ovyo, hiyo inaweza kuwa potasiamu imeshuka, nenda dharura siku hiyohiyo. Mkojo ukipungua sana, ukavimba uso au miguu, ukatapika mfululizo, ukahema kwa shida, vilevile. Na ukiteleza ukaanguka nyonga ikauma usiikandekande kwa maji ya moto, ikapigwe picha.

Umeuliza kitu kingine pembeni kwenye ujumbe wa pili ambao sikuuweka hapo juu, kama binti yako aliyezaliwa bila maambukizi anaweza kurithi. Hili lako kama ni la dawa halirithiwi. Yapo ya kurithi, wapo watoto wanaozaliwa na kubilini mbovu na hao wanakuwa na protini kwenye mkojo na upungufu wa damu kwa pamoja kwa sababu kubilini hiyohiyo ndo inayoingiza vitamini B12 kwenye utumbo, na wapo wavulana wa ugonjwa wa Dent wanaopata mawe ya figo wakiwa wadogo. Binti yako hayumo humo kwa hayo uliyoniandikia.

Siku ya kwenda beba karatasi zote za vipimo, kadi ya CTC, na ile pakiti ya diclofenac hata kama imebaki vidonge viwili. Waandike kwenye faili umekunywa kwa muda gani, maana wakikuuliza "unatumia dawa gani" najua utataja ARV tu, watu wote wanafanya hivyo, za duka la dawa hawazihesabu.